Daraja Dogo la Oksijeni: Historia ya Dawa ya Malaria Unayompa Mtoto

Leo nina neno moja ambalo huenda umelisikia saluni, au kwa fundi wa jua kali anayenyoosha magari yaliyobonyea, au umelisoma kwenye kijitubu cha dawa ya chunusi ya kijana wako. Neno hilo ni peroksidi, au peroksaidi kama wengi wanavyolitamka. Pengine hujawahi kulihusisha na malaria. Je, unajua kwamba zile tembe ndogo za manjano unazopewa kliniki mtoto akipatikana na malaria zinafanya kazi kwa sababu mna peroksidi ndani yake? Ukilielewa jambo hili, utaelewa pia kwa nini nesi anasisitiza siku tatu, kwa nini anasema dawa imezwe na maziwa au chakula, na kwa nini chai ya majani inayosifiwa sokoni haitoshi.

Basi tuanze na peroksidi yenyewe. Maji tunayokunywa yameundwa na oksijeni moja iliyoshikana na hidrojeni mbili. Oksijeni ina mikono miwili, na katika maji mikono yote miwili imepata kitu cha kushika, kwa hivyo imetulia. Lakini kuna vitu ambavyo ndani yake oksijeni mbili zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Hizo ndizo peroksidi. Mshiko huo wa oksijeni kwa oksijeni ni dhaifu. Joto linaweza kuukata, mwangaza unaweza kuukata, na madini kama chuma yanaweza kuukata. Ukikatika, kila kipande hubaki na mkono mtupu, na kipande chenye mkono mtupu ni kikali sana: hunyakua chochote kilicho karibu nacho.

Peroksidi rahisi kuliko zote, ile ya hidrojeni, ilitengenezwa mara ya kwanza na Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1818. Ndiyo hiyo wasusi hutumia kubadilisha rangi ya nywele, na ndiyo iliyokuwa ikimwagwa kwenye vidonda ikitoa povu jeupe. (Siku hizi wahudumu wa afya wanapendelea kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kwa sababu ile peroksidi huunguza pia nyama mpya inayoota.) Zikiungana na kaboni, yaani kile kinachojenga sukari, mafuta, miti na miili yetu, ndipo tunapata peroksidi za kaboni, na hizo zimekuwa nasi kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mwingereza Benjamin Brodie alitengeneza peroksidi ya benzoili mwaka 1858. Hiyo ndiyo huua bakteria wa chunusi katika ngozi. Hiyo hiyo ndiyo fundi wa magari hukamua kidogo kutoka kwenye kijitubu na kuchanganya na fila, na baada ya dakika chache fila inakuwa ngumu kama jiwe. Viwanda navyo huzitumia peroksidi za aina hii kuanzisha kazi ya kutengeneza plastiki. Kazi zote hizo ni moja: mshiko dhaifu unakatika, na vipande vikali vinatoka.

Wenye viwanda huziheshimu sana peroksidi hizi. Nyingi huwekwa mahali pa baridi, mbali na moto, maana zikipata joto zinaweza kuwaka au kulipuka. Kwa hivyo unaweza kuelewa mshangao wa wanakemia wa China miaka ya 1970 walipogundua kwamba jani la mmea wa kawaida lilikuwa limebeba peroksidi ndani yake, imetulia tuli, na kwamba peroksidi hiyo ilikuwa ikiua malaria.

Kabla ya hapo, dunia ilitegemea dawa nyingine. Kwinini ilitolewa katika ganda la mti wa Amerika Kusini uitwao sinkona, na ilitengwa huko Paris mwaka 1820. Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934 na ikasambaa duniani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wewe mama uliyekua miaka ya 1970 au 1980 unaikumbuka klorokwini vizuri, uchungu wake na ile ngozi kuwasha mwili mzima hadi mtu akakosa usingizi. Ilikuwa rahisi kwa bei na ilipatikana kila duka. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950 vimelea katika eneo la mpaka wa Thailand na Kambodia walianza kuizoea.

Sasa ndipo vita vinapoingia. Miaka ya 1960 palikuwa na vita Vietnam, na malaria ilikuwa ikiwaangusha wanajeshi wa pande zote mbili msituni. Serikali ya Vietnam ya Kaskazini iliomba China msaada wa dawa. Tarehe 23 Mei 1967 wanasayansi na maofisa wa China walikutana Beijing wakaanzisha mradi wa siri. Waliuita Mradi 523, yaani mwezi wa tano tarehe 23. Mamia ya watafiti kutoka taasisi nyingi waliingizwa humo. Wengine walitafuta dawa mpya kwa kemia, wengine wakaambiwa watafute katika vitabu vya matabibu wa kale.

Mwaka 1969 mradi huo ulimfikia mwanamke mmoja wa Beijing aitwaye Tu Youyou. Alikuwa mtaalamu wa dawa, hakuwa na shahada ya udaktari, na hakuwahi kusoma ng'ambo. Alikuwa pia mama wa watoto wawili wa kike, mkubwa akiwa na miaka 4 hivi na mdogo bado mchanga. Alitumwa Hainan, kisiwa cha kusini chenye malaria nyingi, na mume wake alikuwa amepelekwa kufanya kazi mashambani. Mtoto mkubwa akaachwa kwenye nyumba ya kulelea watoto, mdogo akapelekwa kwa babu na nyanya yake. Naitaja habari hii kwa sababu vitabu vya sayansi huipita haraka. Dawa tunayopewa leo katika dispensari zetu ililipiwa pia na watoto hao wawili, ambao kwa muda mrefu walimkosa mama yao.

Tu Youyou na wenzake walikusanya mapishi zaidi ya 2,000 ya dawa za kienyeji, wakachuja hadi wakabaki na 640 katika kijitabu kimoja. Wakajaribu kwa panya zaidi ya michanganyiko 380 iliyotokana na mimea karibu 200. Mmea mmoja, ambao Wachina huuita qinghao, ulionyesha dalili nzuri mara moja, halafu ukagoma. Leo ulifanya kazi, kesho haukufanya. Mmea wenyewe ni artemisia, jamaa ya ile pakanga chungu inayotajwa katika Biblia.

Tu akarudi kwenye vitabu. Katika kitabu cha dawa za dharura kilichoandikwa na tabibu Ge Hong mnamo karne ya nne, alikuta maelezo mafupi kuhusu kutibu homa za vipindi. Tabibu huyo hakuagiza mmea uchemshwe. Aliagiza uloweshwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hapo Tu akajiuliza: mbona sisi tunachemsha? Huenda joto ndilo linaloiharibu dawa.

Mama, kumbuka nilivyosema hapo mwanzo kwamba mshiko wa oksijeni mbili hukatwa na joto. Tu hakujua bado kwamba alikuwa anashughulika na peroksidi, hakuna aliyejua, lakini swali lake liligonga penyewe. Akaacha kutumia maji ya moto akatumia etha, ambayo huchemka ikiwa na joto la nyuzi 35 hivi tu, pungufu hata ya joto la mwili wako. Sampuli ya 191, iliyojaribiwa Oktoba 1971, iliua vimelea wote katika panya, na baadaye katika tumbili. Mwaka 1972, kabla dawa haijapewa mgonjwa hata mmoja, Tu na wenzake wawili waliinywa wenyewe hospitalini ili waone kama ina sumu. Hawakudhurika. Mwaka huo huo wagonjwa wa kwanza 21 walitibiwa wakapona homa. Novemba 1972 kikundi chake kikapata fuwele safi za dawa yenyewe. Sisi tunaiita artemisinini.

Kisha kazi ikahamia kwa wanakemia wa Shanghai na Beijing. Ilibidi wajue artemisinini imejengwaje. Kwa kutumia vipimo vya kemia na miale ya eksirei, kufikia mwaka 1975 walikuwa na picha yake: kaboni 15, hidrojeni 22 na oksijeni 5. Kati ya oksijeni hizo tano, mbili zilikuwa zimeshikana, zimeruka kutoka upande mmoja wa molekuli hadi mwingine kama daraja la kamba juu ya mto. Likaitwa daraja la peroksidi. Wakafanya jaribio la kuliondoa daraja hilo na kuacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa. Dawa ikapoteza nguvu. Vimelea wakaendelea kuishi kana kwamba hawakupewa chochote. Kwa hivyo ikajulikana kwamba nguvu yote ya dawa iko kwenye daraja.

Lakini kwa nini liue kimelea, lisimuue mtoto? Hapa ndipo ninapopapenda mimi, maana kimelea chenyewe ndicho kinachovuta kamba ya mtego. Kimelea cha malaria kinaingia ndani ya seli nyekundu ya damu na kula himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa. Himoglobini ina madini ya chuma. (Ndiyo maana mtoto mwenye malaria huishiwa damu, macho na viganja vikawa vyeupe.) Kimelea kinapokula, chuma kinabaki kwenye tumbo lake kama takataka. Dawa inapoingia, inakutana na chuma hicho, chuma kinakata daraja la peroksidi, na vipande vikali vinatoka pale pale vikaanza kuunguza kimelea kutoka ndani. Seli za mtoto ambazo hazijaingiliwa hazina takataka hiyo ya chuma iliyo huru, kwa hivyo daraja haliwashwi huko kwa kiasi kama hicho. Ulafi wa kimelea ndio unaowasha moto.

Artemisinini yenyewe haiyeyuki vizuri katika maji wala katika mafuta, kwa hivyo Wachina wakatengeneza wadogo zake. Mmoja ni artemeta, unaopenda mafuta. Mwingine ni artesuneti, unaoweza kudungwa sindano. Wote wamebaki na daraja lile lile.

Huku kwetu mambo yalikuwa yakienda kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wageni waliotembelea Kenya na Tanzania walianza kuugua malaria isiyosikia klorokwini. Kufikia miaka ya 1990 watoto wetu nao walikuwa wanakunywa klorokwini na kurudi kliniki baada ya wiki moja na homa ile ile, damu ikiwa imepungua zaidi. Mwaka 1998 Kenya ikaacha klorokwini kama dawa ya kwanza ikachukua dawa za salfa, zile tulizozijua kwa majina ya Fansidar na Metakelfin, za kumeza mara moja tu. Akina mama walizipenda, na haki yao, maana dozi ya mara moja haisahauliki. Hazikudumu. Mwaka 2004 serikali ikatangaza kwamba dawa ya kwanza itakuwa mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini, na mwaka 2006 ndipo ilipoanza kufika vituoni kwa wingi. Jina ambalo wengi tunalijua ni Coartem. Katika miaka hiyo ya 2000 wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania walilima artemisia kwa ajili ya viwanda vya dawa.

Tangu Tu Youyou aipate dawa mwaka 1971 hadi tembe kufika mikononi mwa mama wa Siaya au Kwale mwaka 2006 ni miaka 35. Ninaona ni mingi mno. Siri ya vita ilichangia, bei ilichangia, na watoto waliozikwa katikati ya miaka hiyo hawahesabiki. Tu alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015 akiwa na miaka 84.

Sasa utauliza, hiyo lumefantrini ni ya nini? Kama daraja la peroksidi lina nguvu hivyo, kwa nini lisitumwe peke yake?

Tufanye hesabu kidogo. Artemeta hukaa kwenye damu kwa saa chache tu, halafu mwili unaiondoa. Lakini katika saa hizo chache inachinja vibaya sana. Kwa kila mzunguko mmoja wa maisha ya kimelea, ambao ni saa 48, inaweza kupunguza vimelea mara 10,000. Tuseme mtoto wako ana vimelea bilioni 10 mwilini, na hilo si jambo la ajabu kwa mtoto mwenye homa kali. Baada ya mzunguko wa kwanza wanabaki milioni 1. Wakati huo homa imeshuka, mtoto anacheza, anaomba chapati. Ukiacha dawa hapo, milioni 1 hao wanaendelea kuzaana. Ukiendelea hadi mwisho wa siku tatu, mzunguko wa pili nao unaguswa, na wale milioni 1 wanakuwa kama 100. Sasa 100 hao wataondolewa na nani, na artemeta haipo tena? Lumefantrini ndiyo inayobaki. Yenyewe inaua polepole lakini inakaa kwenye damu kwa siku kadhaa, inawafuata waliosalia mmoja mmoja. Moja ni panga, nyingine ni mlinzi wa usiku.

Ndiyo sababu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa za artemisinini zitumike zikiwa zimechanganywa na dawa nyingine, na mwaka 2006 likawataka watengenezaji waache kuuza za artemisinini tupu. Kama duka la dawa litakuuzia tembe za artemisinini isiyo na mwenzake, usizichukue. Na ikiwa mtu atakushauri ukate dozi umgawie mtoto wa pili aliyeanza kuugua, kumbuka wale milioni 1. Huyo wa pili apimwe, apate dozi yake.

Lumefantrini inapenda mafuta. Ikimezwa tumbo likiwa tupu, nyingi yake inapita tu bila kuingia kwenye damu. Kwa hivyo mpe mtoto maziwa, au uji wenye maziwa, au mtoto anayenyonya anyonyeshwe, pamoja na dawa. Huhitaji chakula kingi, mgonjwa mwenyewe hana hamu. Vijiko kadhaa vya uji wa maziwa ni bora kuliko sahani ya wali aliyoikataa. Tangu mwaka 2009 zipo tembe za watoto ambazo huyeyuka katika maji kidogo na zina utamu wa matunda, hivyo hakuna haja ya kuzisaga kwa kijiko na kupigana na mtoto.

Dozi ni mara sita kwa siku tatu. Ya kwanza ukipewa saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, yaani baada ya muda wa saa 8. Kuanzia siku ya pili ni asubuhi na jioni. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa tembe 1 kila mara, wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa 2. Ndiyo maana lazima apimwe uzito, usikubali kukadiriwa kwa macho. Akiitapika kabla ya nusu saa kupita, dozi hiyo irudiwe, kisha umwone mhudumu ili akupe tembe ya kujazia iliyopotea, kwa sababu pakiti imehesabiwa kamili. Akiendelea kutapika kila anachopewa, hiyo si malaria ya kutibiwa nyumbani tena.

Nirudi kwa chai ya artemisia, maana kila nikizungumza kuhusu mada hii huwa naulizwa. Kuna watu wanaokausha majani na kuyauza kwenye pakiti, wakisema Wachina waliyatumia na dawa ya hospitali inatoka humo humo. Ni kweli inatoka humo. Lakini artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, joto linaweza kuiharibu, na jani moja halina kiasi sawa na jani la shamba jingine. Hujui kama kikombe kina dozi nzima, robo, au kidogo sana. Kidogo ndicho kibaya zaidi, maana kinawagusa vimelea bila kuwaua. Na chai haina ile lumefantrini ya kulinda usiku. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba haliungi mkono matumizi ya majani haya, iwe kwa chai au kwa vidonge vya majani, kutibu au kuzuia malaria. Mimi siwadharau waganga wetu wa mitishamba, wala simdharau Ge Hong. Lakini Tu Youyou alijaribu maji ya moto kabla yetu na vimelea katika panya wake hawakufa.

Dozi hafifu zina historia yake mbaya. Katika Kambodia na nchi jirani, artemisinini tupu iliuzwa kwa miaka mingi, na bandia pia, nyingine zikiwa na dawa kidogo tu ndani yake. Mwaka 2008 watafiti waliripoti kwamba magharibi mwa Kambodia vimelea walikuwa wanachelewa kufa. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba mabadiliko katika jeni moja ya kimelea ndiyo yanayohusika. Jinsi yanavyofanya kazi ni jambo la kushangaza, na utalielewa bila shida kwa kuwa tayari unajua habari ya daraja. Mwaka 2020 wanasayansi walionyesha kwamba vimelea hao wamepunguza kula. Katika saa zao za kwanza ndani ya seli wanameza himoglobini kidogo, chuma kinachotoka ni kidogo, na daraja la peroksidi halikatiki vya kutosha. Wanafunga mdomo hadi artemisinini iishe kwenye damu, kisha wanaendelea na chakula. Mwaka huo huo wa 2020 vimelea wa aina hii waliripotiwa Rwanda, na mwaka 2021 Uganda ya kaskazini. Hawa ni majirani zetu, na mbu haulizi pasipoti.

Dawa bado inaponyesha, usiogope kuitumia. Vimelea hao huchelewa kufa, na mwenzake artemeta, yaani lumefantrini, ndiye hubeba mzigo mzito zaidi. Ndiyo kusema tembe za mwisho, zile za siku ya tatu ambazo mtoto aliyechangamka anazikimbia, zina uzito kuliko zamani. Na ndiyo maana pia kipimo huja kwanza. Homa inaweza kuwa nimonia, inaweza kuwa ya mkojo, inaweza kuwa mafua tu. Tone la damu kwenye kidole na muda wa dakika 15 hadi 20 vinatosha kujua, na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako huenda anacho kipimo hicho kwenye mkoba wake.

Mtoto akiwa na degedege, akilegea asiweze kukaa wala kunyonya, akipumua kwa shida, akiwa mweupe viganjani, au asipoamka vizuri, tembe si dawa yake. Huyo anahitaji sindano ya artesuneti hospitalini, usiku huo huo. Zamani ilikuwa kwinini ya dripu. Kisha utafiti mkubwa ukafanywa katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, kwa watoto 5,425 waliozidiwa na malaria. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109, na katika kila 1,000 waliopewa artesuneti walikufa 85. Daraja lile lile dogo la oksijeni, watoto 24 zaidi wakarudi nyumbani. Artesuneti huja kama unga mkavu kwenye chupa, na nesi huichanganya mbele yako na kuitumia mara moja, kwa sababu ikishakuwa majimaji haikai. Ukimwona anachanganya huku wewe una haraka, muache amalize. Mahali pengine mbali na hospitali mtoto mdogo huwekewa artesuneti njia ya haja kubwa ili asizidiwe njiani. Hiyo ni ya kununua muda tu. Lazima afike hospitalini, adungwe, na akishaweza kumeza apewe dozi kamili ya tembe za siku tatu, kwa sababu artesuneti nayo hukaa kwenye damu saa chache kama ndugu yake.

Lililobaki ni la watoto wachanga. Kwa miaka mingi hapakuwa na tembe iliyopimwa kwa mtoto wa chini ya kilo 5, na wahudumu walilazimika kukisia kwa kutumia dawa ya wakubwa wake. Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Uswisi iliidhinisha ya kwanza ya artemeta na lumefantrini kwa watoto wa kilo 2 hadi chini ya 5. Ikiwa mwanao yuko katika uzito huo na ana homa, usigawanye tembe ya ndugu yake nyumbani. Mpeleke, apimwe damu na uzito, na umwulize mhudumu kama dawa hiyo ya wachanga imefika katika kituo chenu.